Kengele Ikilia, Kazi Isimame

Leo tuzungumze juu ya vijana wetu wanaofanya kazi viwandani.

Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kuhisi moshi, gesi au joto la mashine. Vimeunganishwa kwa mtandao. Hatari ikitokea, ujumbe unafika mara moja kwenye simu ya msimamizi, na mashine nyingine huzimika zenyewe. Hilo ni jambo zuri.

Lakini tujiulize: ujumbe ukishafika, nani atasimamisha kazi? Kule Bangladesh, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza. Benki iliyokuwa humo ikaondoa watu wake. Washonaji nguo wakaamriwa warudi kesho yake. Jengo likaporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Onyo lilikuwepo, ila halikufuatwa.

Hapa Kenya, sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi akiona hatari kubwa, na mwajiri asimlazimishe kurudi pale kabla haijarekebishwa. Basi, kila kikundi kiwaeleze vijana wake haki hii kabla hawajaenda mjini kutafuta kazi.