Shule Iliyotukutanisha



Leo, hapa kambini Juba, tunaikumbuka Shule ya Sekondari ya Rumbek, iliyoanzishwa mwaka 1948. Vijana wa Equatoria, Bahr el Ghazal na Upper Nile walilala bweni moja. Joseph Lagu, Mmadi, alisoma huko. Abel Alier, Mdinka wa Bor, pia.

Vita viliwaweka pande mbili. Lagu aliongoza wapiganaji wa Anyanya. Alier alikuwa waziri Khartoum. Mwaka 1972 Alier aliongoza ujumbe wa serikali kwenda Addis Ababa kuzungumza na upande wa Lagu. Amani ilipatikana, ikadumu hadi 1983. Wote wawili, kwa zamu, waliongoza serikali ya Kusini hapa Juba.

Hatusemi shule peke yake ilileta amani. Lakini waliozoeana mapema husikilizana upesi.

Wazazi, tusimtoe mtoto darasani kwa sababu ya kabila la mwenzake. Nanyi wafadhili, tunawaomba: msitugawie madarasa kwa makabila. Tupeni sekondari moja ya wote.