MIFUKO YA KUHIFADHIA MAHINDI
(Hotuba ya Katibu kwa wanachama. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Vijana wetu waliyeyusha chupa za maji pamoja na mifuko ya polithini, kusudi tupate mifuko ya mahindi bila gharama. Na sisi tuliwaunga mkono, tena kuni tulitoa. Kumbe! Kilichotoka kilibanduka tabaka tabaka kama kitunguu, na moshi ukawakohoza watoto. Vijana wasilaumiwe, sote hatukujua.

Plastiki siyo kitu kimoja. Polithini huzuia maji vizuri, lakini hewa huipenya polepole. Nailoni (siyo mfuko wa dukani tuliouzoea kuuita nailoni, hapana, nailoni hasa, ile ya nyavu) huzuia hewa, ila unyevu huidhoofisha. Ndiyo maana viwandani huziunganisha. Taabu ni kwamba hazipatani, ni maji na mafuta. Ukizichanganya zikiwa za moto, zikipoa kila moja hujitenga na mwenzake, na mpakani hubaki nyufa ndogo sana. Hewa hupita humo. Basi hutafutwa mshenga: polithini iliyopandikizwa kemikali iitwayo maleiki anihidridi. Upande mmoja ni ndugu wa polithini, upande wa pili hushikana na nailoni. Kidogo tu hutosha. Chupa zetu na mifuko yetu havikuwa na mshenga, na hata joto lao ni mbali mbali: polithini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hadi 130 hivi, chupa karibu 250.

Mtauliza, hewa ina nini? Dumuzi, huyu tunayemwita skania, aliyeingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anapumua kama sisi. Akifungiwa pasipoingia hewa, humaliza ile iliyomo, akafa. Dawa haihitajiki. Lakini tundu moja la mwiba linaharibu kazi yote, na mahindi mabichi yataoza humo humo. Yakaushwe kwanza. Tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Sasa fedha za alizeti. Wengine wanataka tugawane. Sisi tunaomba zinunue mifuko isiyopitisha hewa, kwa maana mwaka jana tulikula unga wa dumuzi. Kura ni Jumamosi baada ya soko. Anayepinga aje aseme mkutanoni, siyo kilabuni.


Katibu