Mguu Bandia na Nauli ya Kurudi

Barabara kuu ya Zambia inatulisha wana Tunduma, lakini ajali zake zimewaacha wenzetu na mguu mmoja. Wengine mguu umeondolewa kwa kisukari.

Wachangiaji wengi hupenda kununua mguu bandia, picha ikapigwa, hesabu ikafungwa. Sisi wahasibu tunasema gharama hiyo si ya mara moja. Kigutu hupungua, hasa mwaka wa kwanza. Mguu unalegea, mtu anatembea akiyumba, na kiuno ndicho kinacholipa. Tafiti za nje zimekuta zaidi ya nusu ya waliokatwa mguu wanaumwa mgongo. Huyo atainamaje kwenye kahawa Mbozi, au kukaa dukani mpakani kutwa? Na majirani husema ni mvivu, mguu si anao!

Mafundi wapo, chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1981. Lakini Moshi na Songwe ni pembe mbili za nchi.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba nauli: ya kurudi kurekebishiwa mguu, na ya kufundishwa mazoezi ya mgongo. Msindikizaji naye ahesabiwe. Bahasha ziko mezani. Andikeni majina, risiti zitatolewa.