Ukimhukumu Mkubwa, Ulizia na Nyumba



Ndugu wahitimu, kuna atakayeshika maikrofoni ya redio kesho hapa Butembo, na kuna atakayebishana kituoni pa pikipiki. Nyote mtaulizwa swali moja: huyu mkubwa ni mwizi, au anaonewa?

Mnakumbuka mwezi wa tano 2020. Vital Kamerhe, mkurugenzi wa ofisi ya Rais Tshisekedi, alisimama mbele ya mahakimu ndani ya gereza la Makala, kavaa sare ya wafungwa, na televisheni ya taifa, RTNC, ikirusha kesi moja kwa moja. Wa chama chake walisema kaonewa. Wasiompenda walimfunga kabla hakimu hajafungua kinywa. Simu zikajaa habari za mke wake na arusi yao. Juni 20 akapewa miaka 20 ya kazi ngumu. Rufaa ikaipunguza hadi 13. Juni 2022 akafutiwa mashtaka. Machi 2023 akawa Naibu Waziri Mkuu, na 2024 Spika wa Bunge.

Sibishani na mahakama. Naulizia nyumba. Kesi ile ilihusu karibu dola milioni 50 za makazi ya wananchi. Tulipochoka kubishana juu ya mtu, nani aliendelea kuuliza nyumba zimefikia wapi? Mtu tulimfuata hadi chumbani. Pesa zetu hatukuzifuata hata hadi kwenye msingi.

Tena, akishikwa wa Kinshasa tunapiga makofi. Akishikwa wa kwetu tunasema Wanande tunaonewa. Na mwandishi aliyetoka mkutanoni na bahasha ya coupage mfukoni, yaani pesa anayopewa na yule anayemwandika, atamuuliza nini aliyemlipa?

Basi nawausia hivi. Mambo ya ndoa ya kiongozi, kama hayakula pesa ya umma wala hayakumdhulumu mtu, mwachieni yeye, mkewe na padri wao. Lakini akimdai binti mwili wake ndipo ampe kazi, hiyo si siri ya nyumbani. Ametumia kiti chetu kudhulumu, na asemwe hadharani. Ushahidi kwanza, jina la ukoo baadaye.

Hongereni sana. Na siku mmoja wenu atakapopewa kiti, asije kulia kwamba ni mtoto wa nyumbani. Tutamwomba hesabu kama mwingine yeyote.