Jaa Letu la Zamani: Bustani au Ploti?



Nimeombwa niseme machache kuhusu jaa letu la zamani, na nimeombwa kwa sababu mimi ni mhasibu. Mniwie radhi basi nikizungumza pesa tu.

Kamati inataka pafanywe bustani. Wapo wenzetu wanaosema pakatwe ploti ziuzwe, tupate karo za watoto. Hesabu yao naielewa. Lakini taka zikifunikwa hazilali. Huendelea kuoza miaka mingi, hutoa gesi ya methani inayoshika moto, na ardhi huzidi kudidimia. Nyumba ya juu yake itapasuka, na gesi inaweza kujikusanya chini ya sakafu watu wamelala. Na wanunuzi ni nani? Ni watoto wetu hao hao.

Kila aendaye Mombasa kwa njia ya Makupa amepita Kibarani. Tulikuwa tukifunga madirisha ya matatu kwa ule moshi na uvundo. Sasa pana nyasi na miti, na taka zinapelekwa Mwakirunge. Kwa hivyo jambo hili linawezekana hapa kwetu. Ila tusidanganywe na nyasi, maana hizo ndizo rahisi. Pesa huzikwa chini: kushindilia taka, kutandaza udongo wa mfinyanzi ili mvua isipenye, kuweka mteremko, kutia mabomba ya kutolea gesi, ndipo uje udongo wa rutuba. Hata miti huchaguliwa, isije mizizi ikatoboa kifuniko.

Kule New York, kisiwa cha Staten Island, kuna jaa la Fresh Kills, ekari 2,200 hivi. Lilifunguliwa 1948, likafungwa 2001. Gesi yake ilivutwa ikapasha joto majumba ya watu. Bustani inafunguliwa kipande kwa kipande, na mpango wao unafika 2036. Mji tajiri vile! Letu ni dogo, halitataka miaka yote hiyo, lakini harambee ya siku moja hailimalizi.

Fomu mlizoshika zina nafasi mbili: mchango wa leo, na ahadi ya kila mwaka kwa ajili ya mlinzi, mtunza bustani na ukaguzi wa mabomba. Ya kwanza huwa tunaijaza kwa mbwembwe, ya pili tunaisahau. Mwenye elfu kumi, heri aandike elfu mbili kwa miaka mitano.

Tena, kabla ya koleo la kwanza, kamati ituletee hati inayoonyesha kwamba ardhi hiyo imesajiliwa kuwa ya umma. Bila hati, mimi sitashauri hata shilingi moja itoke benki. Ikishapatikana, hesabu na risiti zibandikwe ofisi ya chifu kila miezi mitatu, mama wa sokoni azisome kama mimi.

Mwenye swali, nipo meza ya usajili mpaka alasiri.