Kupeleleza Motokaa Kabla ya Kuinunua



Wengi wetu hununua motokaa iliyokwisha kutumika, na bei yake ni akiba ya miaka mingi, au mkopo ukatwao katika mshahara. Hapana budi tupeleleze. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: rangi yang'aa, kumbe saa ya kilomita imerudishwa nyuma. Pedeli zikiwa zimelika, na saa yaonyesha safari chache, shukuni.

Lakini injini mbovu ina fundi. Deni la mtu mwingine halina fundi. Hapa Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura 403, humhesabu mwenye gari kuwa ni yule aliyeandikishwa, isipokuwa imethibitika vinginevyo. Basi kabla ya kutoa hata senti, ombeni habari za gari kwa NTSA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2012. Jina la benki likiwamo pamoja na la muuzaji, yaelekea deni halijaisha, na motokaa yaweza kuchukuliwa mikononi mwenu. Kisha linganisheni namba ya chasisi iliyogongwa katika chuma na ile ya karatasini. Zikitofautiana, ondokeni.

Muuzaji mwaminifu hachukizwi na maswali.