Malawi: Mashine ya Pumzi na Jicho la Muuguzi

Kwa wananchi wa Kyela, Ludewa na Mbamba Bay, Malawi si nchi ya mbali. Wavuvi wa pande zote mbili hutegemea Ziwa Nyasa, wafanyabiashara huvuka mto Songwe, na watoto wa ng'ambo huugua maradhi yaleyale wanayougua watoto wa huku. Mojawapo ya maradhi hayo ni homa ya mapafu, ambayo hadi leo ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wadogo wengi zaidi duniani. Kwa hiyo mambo yaliyojaribiwa nchini Malawi katika kupambana na ugonjwa huo, yaliyofaulu na yasiyofaulu, yanastahili kufikiriwa na majirani wake wote.

Mwaka 2000 serikali ya Malawi ilianzisha mpango wa taifa wa kutibu homa kali ya mapafu ya watoto katika hospitali za wilaya. Wafanyakazi walifundishwa namna moja ya kumpima mtoto na kumtibu, dawa zilipelekwa kwa utaratibu, kumbukumbu za kila mgonjwa ziliwekwa, na mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani zilifungwa katika wodi. Katika muda wa miaka mitano vifo vya watoto waliolazwa kwa ugonjwa huo vilipungua sana. Ikumbukwe kwamba katika mpango huo mashine na mafunzo vilikwenda pamoja.

Baadaye kilikuja chombo kingine. Ni chombo rahisi kinachosukuma hewa puani mwa mtoto kwa nguvu kidogo ili mapafu yasijifunge, huku mwisho wa mpira wake ukitoa mapovu ndani ya chupa ya maji. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, chombo hicho kilijaribiwa kwa watoto wachanga waliokuwa wakipumua kwa shida. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kati ya waliotibiwa kwa chombo hicho asilimia 71 walipona, na kati ya waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 44. Hizo zilikuwa habari njema, na wengi waliamini kwamba dawa ya tatizo imepatikana.

Kisha yakaja matokeo ya Salima. Kati ya mwaka 2015 na 2018, katika hospitali ya wilaya hiyo, watafiti walilinganisha tiba hizo mbili kwa watoto 644 wenye homa kali ya mapafu na udhaifu mwingine mkubwa, kama vile utapiamlo, virusi vya ukimwi au upungufu wa oksijeni katika damu. Safari hii waliotibiwa kwa chombo cha mapovu walikufa kwa kiasi cha asilimia 17, na waliopewa oksijeni ya kawaida kwa asilimia 11. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Watafiti walieleza kwamba wodi hiyo haikuwa na daktari wa kuisimamia kila siku, wakaonya kwamba chombo hicho chaweza kuwa na hatari ambazo hazikujulikana kikitumiwa kwa wagonjwa wa namna hiyo katika wodi za kawaida.

Watoto wa Blantyre na wa Salima hawakuwa wa umri mmoja wala ugonjwa mmoja, na si haki kuyapima matokeo hayo kwa mizani moja. Lakini funzo moja haliwezi kukwepwa. Chombo cha kusaidia pumzi hakijui ni nani anayekifaa, wala hakijui ni saa ngapi kimeanza kumdhuru. Anayejua ni mtu aliyesimama kando ya kitanda.

Huko Marekani kazi ya mtu huyo imekuwa taaluma kamili. Chama cha wataalamu wa tiba ya upumuaji kilianzishwa mjini Chicago mwaka 1947. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati kazi hiyohiyo huwaangukia wauguzi na maofisa tabibu, pamoja na mengine mengi waliyonayo.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kugusa chombo chochote. Mtoto huachwa mapajani mwa mama yake hadi atulie, kwa maana mtoto anayelia hupumua kwa kasi isiyo yake. Nguo huinuliwa, na pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima, bila kukisia. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi ni kasi ya ugonjwa. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Kisha hutazamwa kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, kama pua zinatanuka, kama kichwa kinatikisika, kama midomo imegeuka rangi, kama anaweza kunyonya. Kwa mtu mzima, mazungumzo yenyewe ni kipimo: asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kupumzika yumo hatarini, naye hapaswi kuulizwa maswali marefu, bali yale ya kujibu kwa kutikisa kichwa.

Kipimo cha kubana kidoleni husaidia sana, lakini nacho kina mipaka yake. Mkono wa baridi hukipotosha. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa bara la Afrika habari hiyo si ndogo. Mgonjwa anayehangaika kuvuta pumzi asiambiwe kuwa ni mzima kwa sababu tarakimu imesema hivyo.

Jambo la mwisho ni maneno. Nchini Malawi imeonekana kwamba baadhi ya wazazi huiogopa oksijeni, kwa kuwa wameona waliowekewa mipira puani wakifa. Hofu hiyo ina asili yake: oksijeni hupewa walio mahututi. Mama asiyeelezwa huung'oa mpira usiku, au humchukua mwanawe akaondoka. Mama aliyeelezwa kwa upole mpira ni wa nini, na ni dalili zipi zikitokea amwite muuguzi upesi, huwa mlinzi wa pili wa kitanda hicho.

Januari 2021 Malawi ilipoteza mawaziri wawili kwa siku moja kwa ugonjwa wa COVID-19, na Lazarus Chakwera, aliyekuwa Rais wakati huo, akatangaza hali ya maafa. Msiba ule uliwafundisha wengi, nchini humo na kwingineko, thamani ya oksijeni, na mitungi na mashine zikatafutwa kwa kila njia. Hilo lilikuwa sawa. Hatari iliyopo ni serikali na wafadhili kuhesabu mashine zilizopokelewa na kusahau kuhesabu wauguzi wa zamu ya usiku.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine ya pumzi ni mgeni mwema, naye apokewe. Lakini hawezi kumponya mwenyeji akiachwa peke yake wodini. Nchi inayonunua mashine moja haina budi kujiuliza siku hiyohiyo: ni nani atakayekaa karibu nayo, amefundishwa nini, na usiku huu ana wagonjwa wangapi wa kuwatazama?